Uza Monita, Usiuze TV

Mwezi uliopita niliuza monita yangu, inchi 19, yenye tyuna ya TV ndani. Mwenzangu wa chumba akanishauri: "Andika TV, bumu limeingia, mwaka wa kwanza wataigombania." Wangeigombania kweli. Ila tyuna ile ni ya analojia, na Dar es Salaam mitambo ya analojia ilianza kuzimwa 31 Desemba 2012. Chomeka antena uone: chenga tupu. Bila king'amuzi hakuna chaneli.

Najua hoja yenu, mnunuzi akague mwenyewe. Akague na nini? Hosteli nzima hakuna antena. Anaona taa imewaka, anaona neno TV kwenye rimoti, anatoa hela ya kula ya mwezi.

Aliyekuja aliniuliza, "Dada, inashika chaneli?" Nikamwambia haishiki, ni ya kompyuta tu, labda anunue na king'amuzi. Akashusha kutoka 90,000 hadi 60,000, nami nikakubali. Hiyo 30,000 iliniuma, sikatai. Nauli ya kwenda mazoezi ya kufundisha ilikuwa humo. Lakini tunapishana naye kantini kila siku, na ananisalimia.