Elimu na Kazi katika Bonde la Rukwa: Mgeni na Mwenyeji

Husemwa mara nyingi kwamba mwenye elimu zaidi hupata kazi iliyo bora zaidi. Kanuni hiyo ina ukweli mwingi mahali ambapo kazi ni za mshahara na mwajiri huuliza cheti. Lakini ikipelekwa Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa chini ya ukingo wa nyanda za juu za Ufipa, nguvu yake hupungua. Huko walio wengi hujiajiri wenyewe kwa mpunga, mahindi, mifugo na uvuvi. Tena wakazi wa bonde hilo si wa asili moja. Wapo Wafipa na majirani zao wa tangu zamani. Wapo pia wahamiaji, hasa Wasukuma, ambao tangu miaka ya 1970 na 1980 wamekuwa wakiingia na ng'ombe wao kutafuta malisho yaliyopungua kwao.

Juu ya jambo hili yapo maoni mawili yanayopingana. Wapo wenyeji wasemao kwamba mgeni hakusoma, na kwamba watoto wake wanachunga badala ya kwenda shule. Wapo wageni waulizao elimu hiyo ina faida gani ikiwa aliyeipata hamiliki hata jozi moja ya maksai. Kila upande unapima kwa pishi yake, na kwa hiyo hakuna upande unaopata kipimo kilicho sahihi.

Ujuzi ni mpana kuliko cheti. Mfugaji anayejua kuchagua fahali wa mbegu, kufundisha maksai kuvuta jembe na kutambua ugonjwa mapema, amejifunza kwa miaka mingi ingawa hana daftari. Wafipa nao walirithi elimu ya namna hiyo. Kilimo chao cha intumba, yaani vilima vya udongo vinavyofunika nyasi ili zioze na kuwa mbolea, ni matumizi halisi ya elimu ya udongo. Wahunzi wao wa kale waliyeyusha chuma katika matanuri marefu yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Fundi hao hawakupita darasani; walifundishwa kazini.

Hata hivyo, haifai kudhani kwamba shule haina thamani. Swali ni lini thamani hiyo huonekana. Mwaka 1978 mchumi Barry Chiswick alichapisha uchunguzi juu ya wanaume weupe wa Marekani, akitumia sensa ya mwaka 1970. Aliona kwamba mwaka mmoja zaidi wa shule uliandamana na ongezeko la pato la asilimia 7.2 kwa mzalia wa nchi, lakini asilimia 5.7 tu kwa mhamiaji. Tena mhamiaji alianza na pato dogo, akamfikia mzalia baada ya miaka 13 hivi. Maelezo yake ni kwamba ujuzi hausafiri mzima: lugha, desturi za soko na watu wa kumdhamini mtu hupatikana upya mahali pa ugenini.

Mwaka 1985 mchumi mwingine, George Borjas, alitoa onyo. Sensa moja ni kama picha moja. Aliyefika miaka 20 iliyopita huenda anapata zaidi kwa sababu amekaa muda mrefu. Au huenda kundi la wakati wake lilikuwa na ujuzi na mali zaidi tangu mwanzo. Onyo hilo linafaa Ilemba pia. Mwenye kutazama boma kubwa la ng'ombe asikimbilie kusema kwamba kutosoma ndiko kulikoleta utajiri. Pengine mwenyewe alihamia na kundi hilo.

Wenyeji hawana budi kukumbuka kwamba ugeni si jambo la kabila moja. Wakati wa ukoloni vijana wengi wa Ufipa walitoka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na machimbo ya dhahabu ya Lupa. Huko wao ndio waliokuwa wageni.

Jambo lililo zito zaidi ni mtoto wa mfugaji. Ada ya shule za msingi ilifutwa miaka ya mwanzo ya 2000, na ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa mwaka 2016. Lakini gharama ya shule si ada peke yake. Mtoto akiwa darasani, kundi linahitaji mchungaji mwingine, na gharama hiyo ni kubwa kwa mfugaji kuliko kwa mkulima wa eka mbili. Kumlaumu mzazi bila kuihesabu gharama hiyo hakuongezi mwanafunzi hata mmoja. Wazazi wa kijiji kimoja wakichunga kwa zamu, na mwalimu akimvumilia mtoto anayeanza kwa Kisukuma, hesabu hubadilika.

Shule nayo ina wajibu wake. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza. Basi mfugaji na aalikwe kufundisha maksai mbele ya wanafunzi, na mzee wa Kifipa aeleze intumba, kisha mwalimu wa sayansi afafanue kani na uozaji. Mwalimu wa jiografia naye aweza kuwaongoza wanafunzi kuandika, pasipo majina, mwaka wa kufika wa kila kaya, madarasa yaliyosomwa, zana na mavuno.

Ardhi ya bondeni haiongezeki. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haki ya ardhi ya kijiji huweza kuandikwa katika hati. Asiyeweza kusoma hati hiyo, awe mgeni au mwenyeji, atategemea macho ya mwingine siku ya ugomvi.