Vibao vya Barabara Kuu ya Thika vimfae mgeni pia

TANGU Rais Mwai Kibaki alipoifungua rasmi Novemba 2012, Barabara Kuu ya Thika imesifiwa kwa upana wake, ambao katika baadhi ya sehemu hufikia safu nane. Jambo ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni iwapo vibao vyake humfikisha msafiri aendako.

Mwenyeji wa Ruiru hahitaji kibao. Huelekezwa kwa majina ya steji: Githurai, Kimbo, Kamakis. Njia za kutokea zilipewa nambari, lakini ni nadra kumsikia utingo akizitaja; wanaozienzi zaidi ni wenye majumba ya biashara katika matangazo yao.

Mgeni ndiye hutaabika. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Kibao kilicho mita 200 kabla ya njia ya kutokea humpa dereva sekunde tisa tu asome, aamue, atazame kioo na kuhamia safu ya kushoto. Lori likimziba, sekunde hizo huisha kabla hajasoma chochote. Akiipita njia hiyo, hana budi kuendelea hadi makutano yajayo ndipo ageuke. Asiye na subira hurudi kinyumenyume, huku magari yakimjia kwa kasi.

Karibu na Ruiru, anayekwenda mjini na anayetafuta Eastern Bypass ili afike Barabara ya Mombasa, wote huwa wameambiwa "kata Ruiru". Mjini Thika nako barabara hugawanyika: A2 huelekea Murang'a na Nyeri, A3 hushika njia ya Garissa. Jina la Thika peke yake halimsaidii dereva wa lori anayekwenda Mwingi. Anahitaji kuona mwisho wa safari yake ukitajwa mapema.

Kuna pia wizi wa vyuma. Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa miundomsingi, kisha ikairuhusu tena Mei mwaka huo. Nguzo iking'olewa, hakuna mwenyeji atakayelalamika, kwa kuwa hakuwa akiitazama.

Halmashauri ya barabara kuu, KeNHA, ingeanza na hatua ndogo: kila makutano yawe na kibao cha kwanza kilomita moja kabla, chenye jina la mtaa na la mji wa mbali. Kwa kasi ileile, dereva atakuwa na sekunde 45.