Dhahabu ya Tarime: Faida ya mchimbaji mdogo hupotelea njiani

Na Mwandishi Wetu

BEI ya dhahabu duniani imepanda kwa kiwango ambacho wazee waliochimba kwa sururu kabla mgodi mkubwa haujafika Nyamongo wasingeweza kukiamini. Mwezi Machi 2008 wakia moja, ambayo ni gramu 31.1, ilivuka dola 1,000 za Marekani kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 ikavuka dola 2,000. Machi 2025 ikapita 3,000, na kabla ya mwaka huo kwisha, mwezi Oktoba, ikapita 4,000.

Kwa hesabu ya kawaida, mchimbaji mdogo wa Tarime au wa ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti, angepaswa kuwa ametajirika mara nne kuliko mwaka 2008. Lakini ukipita kwenye maduara, bado utamkuta yule yule: ana deni dukani, ana deni kwa mfadhili wake, na watoto wamerudishwa nyumbani kwa kukosa michango.

Swali ambalo wengi wanauliza ni dhahabu iko wapi. Swali ambalo lingewafaa zaidi ni hili: ile dhahabu ambayo tayari wameishika mkononi, inapotelea wapi?

Makala haya yanajaribu kulijibu kwa hesabu, kwa sababu uchimbaji ni biashara kama ilivyo biashara ya mahindi au kahawa. Mkulima anayevuna nusu ya shamba na kuacha nusu ioze, halafu akauza gunia kwa mzani wa dalali, hawezi kulaumu mvua.

Tulikotoka

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Umepita katika mikono kadhaa: Placer Dome, kisha Barrick kuanzia 2006, kisha kampuni tanzu iliyoandikishwa London ambayo baadaye ilijulikana kama Acacia, na mwaka 2019 ukarudi moja kwa moja kwa Barrick. Leo Serikali ina hisa asilimia 16 kupitia mpango ulioanzisha kampuni ya Twiga.

Kabla ya yote hayo wananchi walikuwa wakichimba wenyewe. Mgodi ulipokuja, baadhi walihama na wengine wakatafuta maeneo ya pembeni. Lipo pia kundi la vijana wanaoitwa "intruda", ambao huingia mgodini kuokota mawe ya taka. Njia hiyo imegharimu maisha ya watu, na Mei 2011 vijana kadhaa waliuawa kwa risasi za polisi katika siku moja. Jiwe linalookotwa namna hiyo si biashara.

Biashara ni ile ya leseni. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inampa Mtanzania nafasi ya kuomba leseni ndogo ya uchimbaji inayodumu miaka 7 na kuweza kuhuishwa. Wageni hawaruhusiwi kumiliki leseni hiyo. Hapo ndipo mchimbaji mdogo ana uwanja wake, na hapo ndipo hesabu zetu zinaanzia.

Upotevu wa kwanza: mawe yasiyopimwa

Wengi huchimba kwa imani. Mkanda ukionekana mwekundu au wenye kutu, mifuko inajazwa yote na kupelekwa kwenye karasha. Kila mfuko una gharama zake: mchimbaji, mbebaji, gari, kusaga, maji. Mfuko usio na kitu unagharimu sawasawa na mfuko wenye dhahabu.

Njia ya kupunguza hasara hii ni rahisi na haihitaji mtaalamu. Chukua mawe kidogo kutoka kila sehemu ya mkanda, yaponde, yaoshe kwenye karai, uone kilichobaki chini. Andika daftarini: siku, urefu wa duara, sehemu uliyotoa mawe, ulichokiona. Baada ya mwezi mmoja utajua upande gani wa duara unakulisha na upande gani unakula hela yako. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Upotevu wa pili: zebaki na marudio

Hapa ndipo pengo kubwa lilipo. Tuchukue mfano wa tani moja ya mawe, yaani mifuko 20 ya kilo 50, yenye gramu 10 za dhahabu safi ndani yake. Kwa urahisi wa hesabu tuseme gramu moja ya dhahabu safi ni sh 300,000. Bei hiyo ni ya mfano tu, kwa kuwa bei ya kweli hubadilika kila siku.

Mawe yakisagwa, yakapitishwa kwenye mwalo wenye magunia au zulia, kisha yakakamatwa kwa zebaki, kiasi kinachopatikana mara nyingi ni chini ya nusu. Tukisema asilimia 40, mchimbaji anapata gramu 4, sawa na sh 1,200,000. Gramu 6 zilizobaki, zenye thamani ya sh 1,800,000, zimekaa kwenye ule mchanga uliooshwa ambao tunauita marudio.

Sababu ni kwamba zebaki hukamata chembe kubwa zilizo wazi. Chembe ndogo sana, na zile zilizofungwa ndani ya jiwe lisilosagwa vizuri, hupita tu. Kusaga vizuri zaidi, kupunguza kasi ya maji kwenye mwalo na kubadilisha zulia mapema huongeza mavuno bila kuongeza hata tone la zebaki.

Sasa, marudio yanakwenda wapi? Mara nyingi huachwa kwa mwenye karasha kama sehemu ya malipo ya kusaga, au huuzwa kwa bei ya kutupa. Mnunuzi wake ni mwenye matangi ya kuchenjulia kwa sianidi. Huyo akitoa asilimia 70 ya zile gramu 6, anapata gramu 4.2, sawa na sh 1,260,000. Kweli ana gharama za kemikali, kaboni, vibali na mtaji wa matangi. Lakini angalia: bila kuingia shimoni, amepata dhahabu nyingi kuliko aliyechimba.

Si kila mchimbaji anaweza kujenga matangi, na wala hashauriwi kuyajenga kienyeji. Sianidi ni sumu kali. Inahitaji usajili kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na idhini ya mazingira. Anachoweza kufanya ni mambo mawili. Kwanza, kutosaini marudio yake bure: yapimwe maabara, kiasi kilichomo kijulikane, ndipo bei ijadiliwe. Pili, kuungana. Wachimbaji 10 wenye marudio ya kujaza tangi wanaweza kukodi tangi na kugawana kilichopatikana, jambo ambalo mmoja peke yake hawezi.

Zebaki nayo ina bei nyingine ambayo haiandikwi kwenye daftari. Wapo wanaoichoma kwenye jiko la nyumbani, mke na watoto wakivuta moshi wake. Inayomwagika huelekea mitoni, na Mto Mara unaishia Ziwa Victoria, kwenye samaki wetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Chombo cha chuma cha kuchomea, kinachoitwa ritoti, hurudisha sehemu kubwa ya zebaki ili itumike tena. Hivyo hata asiyejali afya anaokoa fedha. Na marudio yenye zebaki yasitiwe sianidi, kwani mchanganyiko huo huisambaza sumu mbali zaidi.

Upotevu wa tatu: mzani na jicho

Dhahabu iliyochomwa si safi. Ina fedha na madini mengine ndani yake. Tuseme mchimbaji ana kipande cha gramu 10 chenye usafi wa asilimia 85. Thamani yake ni gramu 8.5 safi, yaani sh 2,550,000.

Anakwenda kwa mnunuzi wa kichochoroni. Mzani unasoma gramu 9.8. Mnunuzi anakitazama, anakikwaruza, anasema ni asilimia 80. Kwa kila gramu safi anatoa sh 290,000, kwa kuwa "na mimi nipate kidogo". Piga hesabu: gramu 7.84 mara 290,000 ni sh 2,273,600. Mchimbaji anaondoka akifurahi kwamba amekwepa kodi.

Kipande hicho hicho kikipelekwa soko la madini, kinapimwa kwa mzani uliokaguliwa na mashine inayosoma usafi, mbele ya maofisa. Masoko haya yalianza mwaka 2019, la kwanza likifunguliwa Geita mwezi Machi. Mwaka huo Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Ukabaki mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Julai 2022 ikaongezwa kodi ya mapato ya asilimia 2. Jumla ikawa asilimia 9.3.

Kwa viwango hivyo, makato ya sh 2,550,000 ni sh 237,150, na mchimbaji anabaki na sh 2,312,850. Ni sh 39,250 zaidi ya alichopewa kichochoroni. Tofauti si kubwa, na tusidanganyane: siku ambayo mnunuzi wa pembeni ana mzani wa haki, anaweza kulipa zaidi ya soko. Ndiyo maana magendo hayaishi, hasa mahali ambapo Sirari iko jirani na ng'ambo ya mpaka kuna machimbo ya Migori yenye wanunuzi wake.

Lakini soko linatoa kitu kingine ambacho kichochoro hakitoi: karatasi. Anayekamatwa na dhahabu isiyo na stakabadhi hupoteza yote, si makato tu. Na anayekwenda kuomba mkopo wa kununua pampu ana ushahidi wa mauzo yake. Viwango vya makato hubadilishwa kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka, na kwa dhahabu inayouzwa Benki Kuu mrabaha ulishushwa hadi asilimia 4. Kwa hiyo kila msimu ulizia ofisi ya Afisa Madini Mkazi kabla hujauza.

Upotevu wa nne: mfadhili

Wengi hawana uhuru wa kuchagua soko, kwa sababu dhahabu yao imekwishauzwa kabla haijachimbwa. Mfadhili ametoa unga, maharage, dizeli, baruti na magogo ya kuzuia duara lisiporomoke. Yeye ndiye mnunuzi pekee, na bei ni yake.

Mkulima wa kahawa wa Tarime anaifahamu hali hii, maana hata kahawa iliyo mtini huuzwa kwa mtindo huo. Si kila mfadhili ni mnyonyaji, kwani naye hupoteza duara lisipotoa kitu. Kosa ni kukubaliana kwa mdomo. Mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja mbele ya mwenyekiti wa kijiji, useme deni ni kiasi gani, mgawo wa mifuko ni upi kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji, marudio ni ya nani, na bei itafuata kipimo cha nani.

Mkulima na mfanyabiashara

Asiyechimba naye yumo katika hesabu hii. Mwenye shamba ajue kwamba leseni ya madini haimpi mtu haki ya kuingia na kuchimba shambani kwake bila ridhaa ya maandishi, na kwamba sheria inataka fidia kwa mazao na majengo yatakayoharibiwa. Wapo walioridhia kwa ahadi ya mifuko michache, mkanda ukaisha, wakabakiwa na mashimo ambayo ng'ombe wanatumbukia. Fidia ikubaliwe kabla ya sururu ya kwanza, na ufukiaji wa mashimo uandikwe humo humo.

Kwa mfanyabiashara, anayepeleka machimboni mahindi, muhogo na nyama kutoka Mugumu na vijiji vya Serengeti mara nyingi ana faida ya uhakika kuliko anayeshuka shimoni. Hatari yake ni kukopesha. Duara likikauka wateja huhamia rashi nyingine usiku mmoja, na daftari la madeni linabaki kuwa karatasi ya kufungia karanga.

Bei ya dunia haiko mikononi mwa mtu wa Nyamongo. Ilipanda hadi dola 1,900 hivi mwaka 2011, ikashuka hadi kama 1,050 mwishoni mwa 2015, na inaweza kushuka tena. Kilichopo mikononi mwake ni karai la kupimia, ritoti, marudio, mzani na mkataba. Atakayeyashika hayo wakati bei ni nzuri atakuwa na ng'ombe zizini siku bei itakapoanguka.