Kabla Hujajenga Subukia, Tafuta Atakayekupigia Hodi

 

Jumanne usiku ndugu mmoja wa kanisa letu aliye Marekani alinitumia video fupi kwa WhatsApp. Ni mzee Mzungu aliyestaafu, anaishi kijijini huko Thailand. Nyumba ndogo ya mbao, mashamba ya mpunga pande zote, kuku wachache, kikombe cha kahawa mkononi. Hakuna honi, hakuna bosi, hakuna anayemwita. Chini ya video ndugu yangu aliandika: "Pasta, hii ndiyo nataka, lakini yangu iwe Subukia. Nikifika 60 nataka kimya tu. Niombee hiyo ploti."

Nilimwombea. Kisha nikakosa usingizi, na leo nitakueleza ni kwa nini.

Kwanza, siwahukumu wazee wanaokwenda Thailand. Serikali ya huko imewafungulia mlango. Ukiwa na miaka 50 na baht 800,000 benki, au mapato ya baht 65,000 kwa mwezi, unaweza kuomba kibali cha kukaa kama mstaafu, na kila mwaka unakiomba upya. Ardhi hutamiliki kwa jina lako, lakini pensheni inayokubana kwenu itakulisha vizuri kijijini kwao. Ni hesabu ya busara. Hata sisi tunao wageni waliokuja kuzeekea Naivasha, Malindi na Diani.

Lakini sisi watu wa Nakuru tuna ndoto iliyogeuzwa. Sisi tunakwenda ng'ambo tukiwa na nguvu, tunafanya kazi miaka ishirini au thelathini, na kijiji cha ndoto zetu ni hapa nyumbani. Thailand yetu inaitwa Subukia. Inaitwa Bahati, Njoro, Rongai, Molo. Pita barabara hizo uone nyumba nzuri za mawe zenye madirisha yaliyofungwa, mlinzi mmoja na mbwa wawili. Mwenyewe yuko shifti ya usiku mbali sana, anahesabu miaka iliyobaki.

Sasa nikueleze kuhusu mzee mmoja. Sitamtaja jina, na amenipa ruhusa nisimulie.

Aliishi Texas miaka 24. Alipokuwa huko tulimpenda sana. Mabati ya kanisa letu, karibu nusu ni jasho lake. Kinanda cha kwaya ni chake. Tukiwa na harambee, jina lake lilitangulia kwenye orodha. Kila Desemba tulimwombea kwa sauti kubwa, tukitaja jina lake madhabahuni.

Akarudi. Alikuwa amejenga nyumba nje ya mji, ukuta wa futi nane, nyaya za umeme juu, sola, kisima chake mwenyewe. Mkewe alibaki Texas kusaidia kulea wajukuu, na mpango ulikuwa amfuate baadaye. Miezi sita ya kwanza geti lake halikupumzika. Kila aliyeingia alikuwa na kadi ya mchango: karo, mazishi, harusi, ujenzi. Alitoa. Halafu siku moja akasema ukweli: akiba imepungua, pensheni ni ya kula tu. Wageni wakapungua. Baadaye wakaisha kabisa.

Wiki moja kijana wake wa kazi alikwenda kwao. Mzee akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Simu ilikuwa chumbani. Alilala sakafuni siku mbili, mpendwa. Ukuta ule wa futi nane ulizuia wezi, na ulizuia pia sauti yake.

Unajua nani alimwokoa? Si mimi mchungaji wake, wala wazee wa kanisa, wala wale tuliokuwa tukitaja jina lake madhabahuni. Ni mama anayempelekea maziwa. Asubuhi ya pili alikuta chupa ya jana bado iko getini. Akapiga kelele, akaita majirani, wakavunja geti. Nilipomuuliza alijuaje kuna shida, alinijibu: "Pasta, huyu mzee kila asubuhi huniuliza mtoto wangu ameamkaje na kile kifua. Siku mbili hajauliza."

Nilikwenda hospitali na Biblia yangu, tayari kumfariji. Alinitazama kwa upole akaniuliza: "Pasta, nimerudi miaka miwili sasa. Umekunywa chai kwangu mara ngapi?"

Nilihesabu. Mara nne. Na katika hizo nne, mara tatu nilikuwa na kadi mkononi.

Sikuwa na andiko la kumjibu. Niliketi, nikalia.

Ndiyo maana ndugu yangu aliponiandikia anataka kimya, niliogopa. Kimya mzee yule alikipata, siku mbili nzima. Alichokosa ni pumziko, na pumziko ni kitu kingine kabisa. Mtu anapumzika pale anapojua kwamba asipoamka, kuna mtu atakayeona chupa ya maziwa.

Fungua 2 Samweli 19 jioni ya leo usome habari za Barzilai Mgileadi. Mzee wa miaka 80, tajiri. Daudi alipokuwa akimkimbia Absalomu, Barzilai alikuwa miongoni mwa waliompelekea vitanda na chakula jangwani. Vita vilipoisha mfalme akataka kumlipa: twende Yerusalemu, nitakutunza mwenyewe. Hebu fikiria, kustaafu ikulu! Barzilai akakataa kwa heshima. Alisema ulimi wake hauonji tena utamu wa chakula, na masikio yake hayafaidi tena sauti za waimbaji. Akaomba arudi afie mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Badala yake akamtoa Kimhamu aende na mfalme.

Barzilai hakuchagua mandhari. Alichagua watu, wakiwemo wale waliolala makaburini.

Sasa mlinganishe na yule tajiri wa Luka 12, aliyepanga kuvunja maghala ajenge makubwa zaidi. Soma mazungumzo yake polepole. Anajiuliza mwenyewe, anajijibu mwenyewe, anaiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe. Hakuna mke katika mazungumzo yale, wala jirani, wala mtumishi. Alipanga uzee wa miaka mingi, na ndani yake hakuweka mtu hata mmoja.

Hata hapa kwetu tuna funzo la mawe. Nenda Njoro utazame kasri la Lord Egerton. Mwingereza huyu alianza kulijenga mwaka 1938, likamalizika 1954, vyumba zaidi ya 50. Akafa mwaka 1958. Miaka 16 ya kujenga, miaka minne ya kukaa. Hakuacha mke wala mtoto. Leo tunalipa kiingilio kwenda kupiga picha. Lakini mwaka 1939 mtu huyo huyo alianzisha shule ya kilimo. Mwanzoni ilikuwa ya vijana wa Kizungu tu, na hilo tusilifiche. Baadaye milango ikafunguliwa kwa wote, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kamili. Nyumba aliyojijengea imebaki kumbukumbu. Shule aliyojengea watu ingali hai, na pengine wewe unayesoma ulipata digrii yako pale.

Mpendwa uliye ng'ambo, sikukatazi kurudi. Rudi! Lakini rudi kwa hekima.

Tengeneza karatasi zako mapema. Kama ulichukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya Agosti 2010, uraia wako wa Kenya ulipotea, na ni lazima uombe kuurudishiwa. Usipofanya hivyo, sheria inakuhesabu mgeni, na mgeni hapa hukodishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Usinunue shamba kwa jina la binamu ukidhani mapenzi yanatosha. Kagua hati wewe mwenyewe au kwa wakili wako.

Fikiria mwili wako pia. Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi hiyo. Jisajili na SHA, uweke akiba ya matibabu kando. Subukia hadi hospitali ya rufaa hapa Nakuru ni kama kilomita 40. Ukiwa na miaka 60 hizo ni dakika chache. Ukiwa na 78, usiku, mvua ikinyesha, nani ataendesha gari?

Zungumza na mkeo. Wapo wanaume wanaojenga nyumba ya kustaafu ambayo mama watoto hajawahi kusema anaitaka. Yeye moyo wake uko kwa wajukuu. Msipoamua pamoja leo, mtazeeka na bahari katikati.

Na kabla ya kupanda ukuta, panda watu. Ukija likizo, usimalize wiki tatu ukikagua fundi tu. Kaa katika ushirika wa nyumbani. Mjue jirani wa kulia na wa kushoto, na majina ya watoto wao. Ibrahimu alikuwa mgeni kule Hebroni, lakini Sara alipofariki, Mwanzo 23 inatuonyesha akisimama mbele ya majirani waliomjua na kumheshimu, tayari kumpa mahali pa kuzika. Heshima ile haikununuliwa wiki ya msiba. Kwa hiyo anayekwenda Thailand akajifunza lugha na kuzika na wenzake, huyo ana nyumbani. Na anayerudi Subukia asimjue mtu, huyo bado yuko ugenini.

Sasa niseme na sisi tulio hapa, na nianze na mimi.

Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Benki Kuu huzihesabu na kututangazia. Pesa zinazorudi zina hesabu. Watu wanaorudi, je, nani anawahesabu? Tumewafanya ndugu zetu kuwa benki yenye miguu. Akituma, tunamwita baraka. Akirudi bila kitu, tunamwita mchoyo, au tunanong'ona eti alifanya nini huko miaka yote hiyo. Hiyo ni dhambi, wapendwa. Si desturi mbaya tu, ni dhambi, na mimi nimeitubia mbele ya kanisa.

Tumekubaliana hivi kanisani kwetu: yeyote anayerudi kutoka ng'ambo, mwaka wa kwanza mzima hapelekewi kadi. Anapelekewa wageni. Kila wiki nyumba mbili zinamtembelea, tena mikono mitupu, au na ndizi na maziwa. Nakuomba na wewe, kanisa lako liwe lolote, jaribuni hivyo.

Ndugu yangu wa Marekani, najua utasoma hapa. Wewe unawaogesha wazee wa watu usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Uliwahi kuniambia wako wanaokuita kwa jina la mtoto wao kwa sababu mtoto hajaja tangu Krismasi. Kwa hiyo unajua kuliko mimi kitu ambacho mzee hulilia saa tisa za usiku. Sijawahi kukusikia ukisema wanalilia mandhari. Nimekuombea ploti. Lakini Desemba ukija, kabla hatujaenda Subukia kupima msingi, nitakupeleka kwanza unywe chai kwa yule mzee. Sasa anatembea na fimbo. Geti lake mchana huwa wazi, na mama wa maziwa siku hizi huingia hadi jikoni.

Na wewe msomaji, leo kabla jua halijazama, mpigie simu mzee mmoja ambaye huna shida naye na huna unachotaka kwake. Muulize ameamkaje. Usiongeze neno la pesa.

Tuombe. Baba, usitutupe wakati wa uzee, nguvu zetu zinapopungua. Walinde wanao walio mbali, wanaofanya kazi wengine wakiwa wamelala. Warudishe salama, na ukatutoe sisi ubinafsi ili wakirudi wakute watu, wasikute kadi. Utupe mahali pa kupumzika na wa kupumzika nao. Katika jina la Yesu, Amina.

Ubarikiwe. Mtumie neno hili ndugu yako aliye ng'ambo.

Mchungaji wako, Nakuru.