Mbuga Si Msitu Uliokufa

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Majuzi tulikuwa tukibishana bwenini, mwenzangu mmoja akasema ati mbuga za nyasi ni misitu iliyokatwa na mababu zetu, kwa hivyo tuzijaze miti zipone. Wengi walimpigia makofi. Mimi nilikataa, na hadi leo nakataa.

Hebu tuhesabu miaka. Mwaka wa 2023 wanasayansi walieleza kwamba udongo wa kale wa Kenya na Uganda una alama za nyasi za mbuga zilizomea zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kuanzia miaka milioni 10 hivi iliyopita, nyasi hizo zikatapakaa sana. Binadamu kama sisi tuna miaka 300,000 hivi tu. Je, ni babu yupi aliyekuwako na shoka?

Basi ni nini kilichozieneza? Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwanza, hewa ya kaboni ilipungua duniani, na nyasi za jamii ya mahindi na miwa huitumia vizuri kuliko miti, hasa penye joto. Pili, Bonde la Ufa lilipofanyika ardhi yetu iliinuka, ikazuia pepo za mvua, nchi ikakauka. Tatu, moto. Nyasi kavu huwaka upesi. Mche wa mti hufa, lakini nyasi huchipuka tena maana machipukizi yake yako chini karibu na udongo. Nne, wanyama walikula na kuikanyaga miche.

Sikatai kwamba misitu imekatwa. Mau ni ushahidi, na huko miti irudishwe haraka. Serikali ilipozindua mwaka wa 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, hata mimi nilifurahi. Lakini kila mmea una kwao. Ukizijaza miti nyanda za Mara, nyumbu atakula nini? Na ng'ombe wa mfugaji je?

Ombi langu kwa wanachama wenzangu na walimu wetu ni hili: kabla ya kuchimba shimo la mche, tuulize kwanza mahali hapo pamekuwa na nini tangu jadi. Tukikuta ni mbuga, tuiache iwe mbuga.