Kabla ya kulipia hiyo SUV, keti nyuma kwanza

Pita yadi za magari Ngong Road au Kiambu Road Jumamosi yoyote, utaona vijana wakifanya jambo lile lile. Wanazunguka gari mara mbili, wanapiga picha taa za mbele, wanaingia upande wa dereva, wanashika usukani na kubonyezabonyeza skrini. Kisha wanaanza kuulizia bei. Wanaofungua mlango wa nyuma ni wachache, na wengi wao wanataka tu pahali pa kuweka begi.

Tunavyoona sisi, mlango huo ndio wa kwanza kufunguliwa.

SUV ndogo ndiyo imekuwa ndoto ya kijana wa mjini aliyeanza kushika pesa. Iko juu kidogo, haiogopi matuta ya mtaani, na haimezi mafuta kama gari la mheshimiwa. Nyingi ni mitumba ya Japani, na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu gari lililozidi miaka minane, zinatufikia zikiwa bado na sura ya kisasa. Shida ni kwamba sura hiyo mara nyingi imelipiwa na abiria wa nyuma.

Chukua Toyota C-HR, iliyoanza kuuzwa 2016. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma kuna sentimita 264. Subaru Forester ya kizazi kilichotangulia 2018 ina sentimita 264 vilevile. Kwa karatasi ni sare. Sasa ingia nyuma. Kwenye C-HR paa linateremka mapema kama la gari la mashindano, dirisha ni dogo na linapanda kuelekea nyuma, na kishikio cha mlango kimefichwa juu kabisa ambako mtoto hafiki. Ndani ni giza hata saa sita mchana. Forester nayo imejengwa kama sanduku: paa limenyooka, vioo ni vikubwa, mtu mrefu anakaa na kofia yake. Wale wanaoicheka kwamba ina sura ya mzee wako sawa, lakini ni mzee anayejua kukaribisha wageni.

Ndiyo maana hatupendi huu mchezo wa kulinganisha magari kwa namba za mtandaoni. Honda Vezel ina sentimita 261 tu kati ya magurudumu, pungufu ya C-HR, na bado magoti yanapumua zaidi humo. Siri iko chini: Honda waliweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, basi sakafu ya nyuma ikabaki huru. Unaweza hata kuinua kalio la kiti cha nyuma likasimama kama vile viti vya sinema, ukabeba kitu kirefu kikiwa wima. Aliyewahi kuhama bedsitter kwa gari la rafiki anajua thamani ya hilo.

Mazda CX-5 inastahili maneno mawili. Ile iliyotoka 2017 ilipata matundu ya AC kwa abiria wa nyuma, na mgongo wa kiti cha nyuma unaweza kulazwa kidogo. Ya kabla yake haina starehe hizo. Kwa macho ya haraka zinafanana, na kuna wauzaji ambao hawatakuambia tofauti usipouliza. Nissan X-Trail ya safu tatu ina kiti cha kati kinachosogea mbele na nyuma, jambo zuri sana, ila ile safu ya mwisho ni ya watoto. Usimwahidi mjomba kiti huko.

Na huyo mjomba ndiye hoja yenyewe. Kuna atakayesema, mimi niko singo, nyuma nabeba laptop, yanini haya yote? Sawa, Jumatatu hadi Ijumaa. Lakini ukishapata gari, ukoo mzima umepata gari. Desemba ikifika, mama, shangazi na mdogo wako watakuwa hapo nyuma, na buti limejaa unga na sukari. Nairobi hadi Kisumu ni kama kilomita 350. Mama mwenye magoti mabovu akikaa amekunjamana hadi Nakuru, hatalalamika. Atasema gari ni nzuri, Mungu akubariki, kisha atashukia Kericho akishikilia mlango kwa mikono miwili. Mkopo wa sacco utaulipa miaka mitatu au minne, na kila safari itakuwa hivyo.

Kwa hivyo ukifika yadi, rekebisha kiti cha dereva kikukae wewe, halafu uketi nyuma yake. Kaa dakika kumi, si sekunde kumi. Magoti yakigusa kiti, umepata jibu. Angalia kama kalio la kiti linafika karibu na goti au linaacha mapaja yakining'inia. Mapaja yakining'inia, mgongo ndio utalipa. Hamia katikati, upime ile nundu ya sakafuni, hasa kwa gari linalovuta magurudumu yote manne. Kama kuna kava mpya ya ngozi bandia, bonyeza sponji iliyo chini yake, maana kava huficha mengi, na kwa jua la Mombasa itakushika mgongo kama gundi.

Bora zaidi, nenda na mzazi. Mwache apande na ashuke mwenyewe bila kushikwa mkono, na umtazame tu. Muuzaji akianza kuharakisha mambo, eti kuna mteja anakuja saa nane na pesa taslimu, mwache huyo mteja aje.