Oili ya injini ya dizeli: kilomita au miezi?

Wenye magari ya dizeli hutuuliza wamwage oili baada ya kilomita ngapi, na kila mmoja huja na namba ya fundi wake: huyu 3,000, yule 5,000, mwingine 10,000. Aliyenunua gari lililotumika Ulaya hutuonesha kitabu kilichoandikwa 20,000, akiamini amepata nafuu.

Nafuu hiyo tunaitilia shaka. Namba ile iliandikiwa oili ya daraja maalumu na dizeli ya Ulaya, ambayo tangu 2009 hairuhusiwi kuzidi sehemu 10 za salfa katika kila milioni. Kwetu Afrika Mashariki kiwango kilichowekwa mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50. Salfa ikiungua huzaa asidi, nayo asidi huimaliza dawa iliyotiwa ndani ya oili ili kuipinga. Juu yake kuna vumbi, joto na foleni. Vitabu vingi vya magari vina ukurasa wa matumizi magumu, usomwao na wachache, ambamo muda hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu. Ukurasa huo ndio wetu.

Foleni ina udanganyifu wake, kwani injini hufanya kazi ilhali kilomita hazisogei. Wapo watengenezaji wanaohesabu saa moja ya namna hiyo kuwa sawa na kilomita 50 hivi. Anayesimama saa moja kila siku, siku 25 za mwezi, ameongeza 1,250 zisizoonekana popote.

Rangi nayo isifanywe hakimu. Oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku chache tu kwa sababu ya masizi, na weusi huo waonesha kwamba inayabeba. Kinachostahili hofu ni oili kupanda juu ya alama ya kijiti bila mtu kuiongeza: huenda dizeli imeingia ndani yake.

Kwa injini kongwe za Hiace na Land Cruiser, 5,000 pamoja na filta mpya ni hesabu ya haki. Zenye tabo zisicheleweshwe kabisa, maana mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukitegemea oili hiyo hiyo.

Limebaki gari lisilotembea sana, kama letu la kubebea jeneza. Safari zake ni za msikitini hadi makaburini, injini haijapata moto sawasawa, na unyevu hubaki ndani ya oili. Hapo kilomita hazina maana. Kamati humwaga oili kila miezi 6, ingawa baadhi ya wajumbe huguna kwamba ni fedha za waumini zinazomwagwa. Sisi twaona ni afadhali wagune kuliko injini kufa njiani na maiti ndani, wafiwa wakisubiri juani. Tarehe na kilomita tumeziandika kwa wino mzito ndani ya mlango wa dereva.